Kilima cha Qantab kwa Gia ya Pili

"Hili si gari langu," alisema Mzee Ghanim, huku akilipangusa vumbi kwa ncha ya kanzu yake, kwa upole ambao mtu haupotezi kwenye gari la mwenzake.

Hind aliliona hilo. Alikuwa amepiga magoti kwenye banda la magari, nyumbani kwa mzee huyo mtaa wa Ghubra, tochi mkononi, akisoma namba iliyogongwa kwenye chuma cha fremu. Kabla ya kujitegemea katika upelelezi alikuwa mkaguzi wa ajali kwenye kampuni ya bima, na huko alikutana na magari yaliyobadilishwa kila kitu isipokuwa honi. Namba hii haikuguswa. Ile ya kwenye bloku ya injini na ile ya kwenye bodi hazikuguswa vilevile. Kutu ya zamani ilikuwa imelala ndani ya tarakimu, na kutu ya namna ile haighushiwi kirahisi.

"Fremu ni yake, ami. Injini ni yake. Bodi ni yake."

"Nnajua."

"Sasa kipi si chako?"

"Ukimkuta mumeo kalala, sura yake, nguo zake, halafu anakoroma sauti nyengine, utasemaje?"

"Ntasema ana mafua."

Mzee Ghanim akacheka hadi akajishika kwenye mlango wa gari. Hind alikipenda kicheko kile, na hapo hapo akajionya. Kazi yake haikuwa kumpenda mtu.

Gari lenyewe lilikuwa Aldermoor la mwaka 1925, gari la Kiingereza la safari: wazi, viti vya watu watano, paa la turubai linalokunjwa nyuma, matairi membamba, taa mbili kubwa mbele zinazolifanya lionekane limeshtuka. Mzee Ghanim alilinunua likiwa mifupa mitupu, alipokuwa mhandisi kijana anayesoma Uingereza, akalijenga upya kwa mikono yake mwenyewe. Watoto wake walikulia humo. Wajukuu nao.

Aliyemleta Hind ni Talal, mwana mkubwa wa mzee. Tangu gari lirudi kutoka gereji ya mtaa wa Ghala, baba yake alikuwa akishikilia kwamba limebadilishwa. Akiulizwa kama ni fundi aliyelibadilisha, hukasirika na kusema fundi hana kosa. "Sasa nani, majini?" Talal alimuuliza Hind ofisini. Jumapili, siku ya kwanza ya kazi huko, Talal alikuwa anaingia mahakamani kuomba awe msimamizi wa mambo yote ya baba yake: nyumba, benki, gari, hadi mahali pa kulala. Ripoti ya Hind ndiyo ingekuwa ushahidi. Kama gari ni lile lile, basi mzee akili imemtoka. Talal alipoyaeleza hayo alilia, wala hayakuwa machozi ya kuigiza. Alimwogopea baba yake kwa dhati, na woga wa mtoto kwa mzazi una ubishi wake.

Kwa hiyo Hind angeweza kuandika namba tatu kwenye karatasi na kwenda zake. Mzee Ghanim angepoteza neno lake juu ya maisha yake mwenyewe kabla ya adhuhuri ya Jumapili. Kilichomzuia ni ile sentensi moja: fundi hana kosa. Mtu aliyechanganyikiwa humtuhumu kila anayemgusa. Huyu alikuwa na shaka iliyochagua.

Bi Nawar, mke wa mzee, alikuja na kahawa na sahani ya mandazi. Kichwani alikuwa amejitanda kanga ovyo ovyo, kwa kuwa mgeni alikuwa mwanamke. Mtu wa gesi alipojitokeza getini na mtungi begani, bibi alijifunika hadi puani kwa mkono mmoja, sahani haikutikisika, na hakufunua uso mpaka mtu yule alipokwenda zake.

"Kula mwanangu," alimwambia Hind. "Huyu ukimsikiliza atakulaza na njaa."

"Mkono wake haujambo sasa?" Hind aliuliza. Kifundo cha mkono wa kulia cha Mzee Ghanim kilikuwa chembamba kuliko cha kushoto.

Bi Nawar alimtazama mumewe, kisha akatazama sahani. "Hendeli ilimpiga. Mwaka huu huu, siku za mwanzo za joto."

Aldermoor la mwaka ule halikuwa na starta. Kiwanda kilianza kuiweka mwaka uliofuata. Huwashwa kwa kupiga hendeli mbele, na kabla ya kuipiga ni lazima usogeze kijimkono kilicho katikati ya usukani, kinachoichelewesha cheche. Ukikisahau, cheche huja mapema, injini hulipuka pistoni haijafika juu, na hendeli hurudi kinyume kwa nguvu ya kuvunja mfupa. Mzee Ghanim alikisahau siku moja. Talal alitaka gari liuzwe wiki ile ile. Mzee akakataa, akanuna, akaacha kula, hadi Bi Nawar akapatanisha: gari lipelekwe kwanza Ghala likafanyiwe matengenezo kamili. Lilirudi linang'aa. Na liliporudi ndipo mzee alipoanza kusema si lake.

"Twende Qantab," alisema Mzee Ghanim.

"Kufanya nini?"

"Wewe si mpelelezi? Twende ukamhoji shahidi wangu. Shahidi wangu ni kilima."

Hind aliendesha. Kuanzia hapo upelelezi ukageuka somo, maana pedali ya mafuta ilikuwa katikati na ya breki kulia, na mara mbili alitaka kusimama akaongeza mwendo.

"Kulia, mwanangu! Breki kulia!"

"Nani alifikiria kuziweka hivi?"

"Wote waliziweka hivi. Wewe ndo' umechelewa kuzaliwa." Upepo ulikuwa ukimvuta kilemba, naye alikishikilia kwa furaha tele. "Mwanzo walitia breki nyuma tu. Watu wa milimani wakalalamika. Wakatia na mbele, ekseli ikawa inajipinda kila ukifunga breki. Wakaisuka upya. Wakaona usukani umekuwa mzito, wakabadilisha na huo. Kila kitu kwenye gari hili ni kosa la mtu fulani lililosahihishwa na mwenzake. Ndo' mana nnalipenda."

Barabara ya Qantab hupasua katikati ya majabali, hupanda, kisha hujitupa chini hadi kwenye ghuba ndogo ya wavuvi. Walishuka, wakageuza gari karibu na mashua zilizovutwa mchangani, wakaelekea mlimani.

"Gia ya pili," alisema mzee. "Usiibadilishe. Miaka yote hii sijawahi kuibadilisha hapa."

Injini ilianza vizuri. Katikati ya kilima ikaanza kuchoka, sauti ikashuka, usukani ukatetemeka, na Hind akajua kwamba akiendelea itazimika. Akarudi gia ya kwanza, kwa kelele za meno ya chuma zilizomfanya aone haya. Wakapanda mwendo wa punda.

Mzee Ghanim hakumlaumu. "Umeona?" alisema, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Niambie tu kwamba umeona."

"Nimeona, ami."

Hakuona mwendawazimu kwenye kiti kile. Aliona mtu aliyekuwa akisema kweli peke yake muda wote huo, na roho ikamuuma.

Hata hivyo kuona si ushahidi. Huenda mzee alikuwa anakikumbuka kilima cha ujanani. Waliporudi Ghubra walimkuta Talal getini, amesimama na funguo za gari lake mkononi.

"Una video yoyote ya baba akiendesha Qantab?" Hind alimuuliza. "Kabla ya gereji."

"Ya Idi, nadhani ninayo. Kwa nini?"

Aliitafuta kwenye simu. Ilipigwa kutoka kiti cha mbele cha abiria: mzee kwenye usukani, watoto wakipiga kelele nyuma, majabali yakipita. Hind aliirudia akiwa ameiweka simu sikioni. Kisha akairudia akitazama mikono. Mkono wa kulia wa Mzee Ghanim haukuugusa mti wa gia kuanzia chini hadi juu, na sauti ya injini haikuyumba.

"Mlikuwa wangapi?"

"Yeye, mimi, na watoto wangu wote nyuma. Walla, tulibanana."

"Leo tulikuwa wawili, na limetushinda."

Talal aliitazama simu yake mkononi. Alikuwa ameibeba mfukoni, muda wote ule, kauli ya kumtetea baba yake.

"Ya'ni wamebadilisha injini?"

"Injini ni ile ile. Nguvu ndizo zilizokwenda."

Hind akarudi bandani, akafungua boneti. Alijiuliza swali moja kwa utaratibu: nguvu za injini zinaweza kupunguzwa wapi, bila kubadilisha kitu chenye namba? Kabureta ilikuwa safi. Cheche ilikuwa sawa. Akateremka hadi pale ambapo kichwa cha injini hukutana na bloku, na akapitisha ukucha kwenye ule mstari. Kati ya vipande hivyo viwili hukaa gasketi, bati jembamba la kuziba. Hapa ukingo ulikuwa mnene, kama sarafu mbili zilizobandikwa. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi. Alipoukwaruza, shaba nyekundu ikang'aa.

Alikaa chini kwenye sakafu kulifikiria. Pistoni inapopanda hukandamiza hewa na mafuta. Nafasi ya juu ikiwa ndogo, mlipuko huwa mkali, kilima hupandika, na hendeli hupiga teke. Ukiinua kichwa cha injini kwa gasketi nene, nafasi hupanuka, mlipuko hulegea. Gari hukosa pumzi mlimani. Na hendeli haivunji mkono wa mtu, hata akisahau.

Zaidi ya hapo kulikuwa na ile rangi. Mwizi hufuta namba. Huyu alificha kipande cha shaba kisichouzika popote, akakificha kisionwe na mtu mmoja tu anayejua kufungua boneti ile na kuangalia.

Gereji ya Yaqdhan, fundi aliyelitengeneza gari, ilikuwa ndani ya Ghala, mtaa wa nyuma, kati ya duka la vioo na wachomeleaji. Yaqdhan mwenyewe alikuwa mhandisi, rika la Talal, mtulivu, suruali ya kazi imepigwa pasi. Kitu cha kwanza alichokiona Hind ni umbo lililofunikwa turubai pembeni. Alilifunua bila kuomba ruhusa. Injini ya Aldermoor.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu. Ya kutolea vipuri." Yaqdhan akamwonyesha ubavuni: ufa ulipita bloku nzima, juu hadi chini. "Hii haiwaki mpaka kiyama. Ukitaka namba yake, hiyo hapo."

Namba ilikuwa nyingine, na ufa ulikuwa wa zamani. Shaka kwamba injini zilibadilishwa ikafungwa.

"Kichwa cha injini hii kinatoka," alisema Hind.

"Kuanzia mwaka wa gari la mzee. Kabla yake walikimwaga pamoja na bloku, kipande kimoja. Ukitaka kusafisha vali unachoma kidole, unatukana. Walipokitenganisha kila fundi alishukuru Mungu." Alikuwa akiongea kwa raha sasa, mikono inacheza hewani. "Ilikuwa akili kubwa sana."

"Na wakampa fundi nafasi ya kuweka gasketi mbili badala ya moja."

Mikono ikatulia.

"Gari ni lile lile, Bi Hind."

"Sijakuuliza hilo."

"Basi sina jengine."

"Mzee Ghanim ndiye aliyekwambia uweke?"

Yaqdhan akalirudisha turubai juu ya injini.

"Talal?"

Hapo Yaqdhan akacheka kidogo. "Talal alitaka nimtafutie mnunuzi." Kisha akainamisha kichwa. "Nilimwambia mzee tumtilie starta, akanifukuza. Hilo naweza kukwambia. Mengine nimeombwa nisiseme, na aliyeniomba sina uso wa kumvunjia neno."

Hind aliendesha kurudi Ghubra akiwa na jina moja tu lililobaki, na jina hilo halikumkaa vizuri. Bi Nawar alikuwa na sababu. Lakini mhandisi mzima, mwenye gereji yake, aingize mkono kwenye gari la mteja kwa siri, ahatarishe jina lake mjini, kwa kuwa mke wa mteja kamwomba? Mwanamke anayejifunika hadi puani kwa mtu wa gesi alipata wapi hata nafasi ya kuzungumza naye faragha?

Baada ya swala ya alasiri aliegesha gari nje ya nyumba, akakuta la Yaqdhan limeshatangulia. Aliingia kwa mlango wa jikoni, kama wanawake wa jirani wanavyoingia. Yaqdhan alikuwa amekaa kwenye kigoda, sahani ya wali mapajani. Bi Nawar alikuwa amesimama juu yake akimwongezea mchuzi, kichwa wazi kabisa, nywele nyeupe mbichi kutoka kuoga, zimesukwa nusu. Aligeuka kumtazama Hind. Hakuutafuta mtandio.

Hind alisimama mlangoni na kila kitu kikakaa mahali pake. Yaqdhan si mwanawe wa tumbo. Si kaka, si mjomba. Lakini mbele yake bibi huyu hakuwa na cha kufunika.

"Bi Nawar," alisema, "Yaqdhan umemnyonyesha?"

"Ee, kumbe hukujua?" Bibi alishangaa kikweli. "Mamake aliugua baada ya kumzaa, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa na Talal mchanga. Basi ziwa moja huyu, ziwa moja yule. Wakipigana kwa miguu juu ya tumbo langu."

Wala hakuna aliyemficha Hind. Kwao lilikuwa jambo la kila siku, hakuna aliyefikiri kwamba linafaa kusemwa. Mzee alisema fundi hana kosa kwa sababu fundi ni mwanawe wa kunyonya, ambaye kwa dini ni mtoto wa nyumba, hafichwi nywele. Na fundi hakuweza kumkatalia mama.

"Ulimwomba alilegeze gari, mzee asijue."

Bi Nawar akaweka kijiko. Yaqdhan alitaka kusimama, mama akamkalisha kwa kumgusa bega.

"Nlimwona siku ile alivyoanguka," alisema taratibu. "Kashika mkono, hakupiga kelele, anatazama tu kile kijimkono cha cheche. Anakitazama kama hakijui. Nkajua atasahau tena. Ningemwambia Talal, angeliuza. Ningemwambia yeye, angeona haya mpaka afe. Nkasema bora gari lipoteze nguvu kuliko yeye."

"Na sasa anasema si gari lake, na watu wanamwona amechanganyikiwa."

"Atazoea. Talal kasema atampeleka kwa daktari wampe vidonge vya usingizi."

Hind alielewa kwamba bibi hakuambiwa yote. Alivuta kigoda akaketi karibu naye, akamweleza habari ya Jumapili polepole, kila neno kwa Kiswahili chepesi: mahakama, usimamizi, nyumba, kwamba mzee hataulizwa tena alale wapi. Uso wa Bi Nawar ulibadilika rangi. Hakusubiri mwisho. Alichukua mtandio, akautupa kichwani, akatoka kuelekea sebuleni kwa hatua ambazo magoti yake hayakuwa yamezipiga kwa miaka.

Mzee Ghanim alikuwa kwenye kiti chake, Talal akiwa dirishani. Hind na Yaqdhan walisimama mlangoni.

"Ghanim," alisema bibi. "Gari nimelibadilisha mimi."

Mzee akainua uso.

"Nlimwambia Yaqdhan alipunguze ukali, hendeli isikupige. Injini yako ni ile ile, lakini si kama ulivyoiacha. Uliyokuwa ukiyasema ni kweli. Yote. Tangu siku ya kwanza."

Mzee Ghanim alimtazama Hind, naye Hind akatikisa kichwa kukubali. Mabega ya mzee yakashuka, na ndipo walipojua alikuwa ameyakaza kiasi gani.

"Mbona hukunambia, Nawar?"

"Ungekubali?"

"Nsingekubali."

"Basi."

"Lakini ulinisikia. Kila siku nnasema si langu, si langu, na wewe unanitilia chai."

"Nlikuogopea mkono," alisema Bi Nawar, na sasa alikuwa akilia waziwazi. "Wallahi sikujua kwamba watakwenda kukugusa akili."

Talal alikuja akainama, akambusu baba yake kichwani, akabaki pale ameinama. "Nisamehe, baba. Ntamwambia wakili leo hii aiondoe kesi. Khalas, imekwisha."

"Uliniogopea na wewe," alisema mzee, akimpigapiga mgongoni. "Nyumba nzima inaniogopea. Hakuna aliyeniuliza." Kisha akautazama mkono wake uliopungua. "Siku ile nlisahau kweli. Nlikitazama kile kijimkono nkawa sijui kazi yake. Na ntasahau tena."

Talal akaketi sakafuni, miguuni pa baba yake.

"Yaqdhan," mzee akaita. "Kesho uje uitoe shaba yako."

"Ghanim!" alisema mkewe.

Akainua ule mkono mwembamba kumzuia. "Sijamaliza. Nikienda bandani, twende wote. Nikisahau, nambie. Usimwambie fundi, usimwambie mwanao. Nambie mimi."

Bi Nawar alijipangusa uso kwa mtandio, akaushika ule mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Na utanisikiliza?"

"Mara ya kwanza ntakataa," alisema Mzee Ghanim. "Nambie mara ya pili."